Adui wa picha: maswali yenu kuhusu Conrad Veidt

Mwezi uliopita niligusia kwa mstari mmoja tu kwamba yule anayecheza Meja Strasser, ofisa wa Kinazi katika filamu ya *Casablanca*, alikuwa nyota wa filamu bubu za Kijerumani tangu enzi za babu zetu. Mstari huo umeleta barua nyingi kuliko makala yenyewe. Zilizofanana nimeziunganisha, ndefu nimezifupisha. Aliyeuliza bei ya televisheni ataniwia radhi, hii siyo safu yake.

"Shikamoo mwandishi. Huyu Veidt ni nani hasa? Mimi namjua kwa sura moja: Mzungu wa kofia ya kijeshi anayepigwa risasi uwanja wa ndege, simu mkononi." Msomaji, Morogoro

Marahaba. Hiyo ni sura ya mwishoni kabisa. *Casablanca* ilianza kuonyeshwa New York Novemba 1942, naye akafariki Aprili 1943. Nyuma yake kuna miaka 25 ya kazi na filamu zaidi ya 100.

Ni mtoto wa Berlin, aliyezaliwa tarehe 22 Januari 1893. Shule ilimshinda: alimaliza 1912 akiwa wa 13 katika darasa la watu 13. Mwaka uliofuata alikuwa ameshapenya Deutsches Theater, jumba la maigizo la mwongozaji Max Reinhardt, na kwa mtu wa jukwaa wa Ujerumani ya siku zile, kuchukuliwa na Reinhardt ilikuwa kupata chuo, ajira na jina kwa mpigo. Vita ya 1914 ikamkatiza. Alipelekwa upande wa mashariki, akaugua manjano na nimonia, akaishia kwenye kikundi cha maigizo kilichoburudisha askari. Kufikia 1917 alikuwa amerudi kwa Reinhardt, na mwaka huo ndipo akaanza kuonekana kwenye filamu.

Wakati wenyewe ulimbeba. Tangu 1916 serikali ya Ujerumani ilikuwa imezuia filamu za nje. Watu walikuwa bado wanajaa kwenye kumbi za sinema lakini picha za Wafaransa na Wamarekani haziji tena, ikabidi Wajerumani wapike zao wenyewe. Desemba 1917 ikaundwa kampuni kubwa ya Ufa, kwa fedha za serikali na za Deutsche Bank. Soko lilikuwa na njaa ya sura mpya, na kijana yule mrefu, mwembamba, mwenye macho yanayokutoboa, hakukaa bila kazi.

"Nasoma sanaa za maonyesho Bagamoyo. Mwalimu alituonyesha Caligari, darasa zima likacheka. Kwa nini waigizaji wa filamu bubu wanatia chumvi namna ile?"

Kwanza mlaumuni mtambo. Filamu nyingi za wakati ule zilipigwa kwa picha 16 hadi 20 hivi kwa sekunde, na aliyezungusha kamera aliizungusha kwa mkono. Ukizionyesha kwa kasi ya picha 24 tuliyozoea sisi, kila mtu anatembea kama kuku aliyefukuzwa jikoni. Tafuteni nakala iliyokarabatiwa. Ipo moja nzuri sana ya 2014. Nusu ya kicheko itaishia hapo.

Nusu ya pili ni ya haki, ila haikutokana na ushamba. *Das Cabinet des Dr. Caligari*, iliyoongozwa na Robert Wiene na kuzinduliwa Berlin tarehe 26 Februari 1920, ilikusudiwa iwe vile. Wasanii watatu, Hermann Warm, Walter Reimann na Walter Röhrig, walisimamisha mji mzima kwa turubai na rangi. Madirisha yamepinda, milango imelala upande, na hata vivuli vimepakwa kwa brashi, havikuachiwa taa. Sasa ingia humo ukitembea kama unayekwenda dukani kununua sukari, uone nani ataonekana kichaa. Ilimbidi mwigizaji apinde kama kuta zilivyopinda. Werner Krauss, ambaye ndiye Daktari Caligari, anapinda kwa kishindo: mgongo umejikunja, glovu nyeupe zina mistari myeusi, macho yanachungulia nyuma ya miwani. Wengine, hasa wale vijana wawili wanaompenda msichana mmoja, wanaigiza tu kama walivyozoea jukwaani. Nadhani hao ndio waliowachekesha.

Lakini mrudieni Veidt. Yeye ni Cesare, kijana wa miaka 23 ambaye, kwa maneno ya Caligari, amelala miaka yote 23, na sasa anatembezwa kwenye maonyesho kama kioja. Sanduku limesimamishwa wima. Milango inafunguliwa, ndani amesimama mtu wa nguo nyeusi za kubana, uso mweupe pe, macho yamezungushiwa weusi. Anaamriwa aamke. Kamera inauleta uso ule karibu yetu. Hakuna kinachotokea. Kisha midomo inatikisika kidogo, kope zinahangaika, zinafunguka kwa shida, na macho yanazidi kutanuka hata baada ya pale ambapo macho ya mtu wa kawaida yangekoma. Muda wote huo hajainua kidole. Chumvi iko wapi hapo?

Mbele kidogo anatumwa akamuue Jane, yule msichana anayependwa na vijana wawili. Anakuja amejibandika ukutani, mkono ukiufuata ukuta kana kwamba naye alichorwa pamoja nao. Anainua kisu juu ya kitanda, anakishikilia juu, halafu mkono unalegea, na vidole vilivyokuja kuua vinazigusa nywele za msichana. Hapajawekwa kibao cha maandishi kutuambia amebadili nia. Mwombe mwalimu airudishe sehemu hiyo peke yake, bila muziki, mkiangalia mkono tu.

Veidt alikuwa mkubwa kwa sababu alijua kutulia mwili mzima, na akijongea unajua kuna jambo. Wale wa tamthilia zetu za jioni, wanaotoa macho kila mlango ukigongwa, wangekaa naye wiki moja tu.

"Ni kweli aliigiza picha iliyopigwa marufuku huku Ujerumani?" Msomaji, Berlin

Kweli. Ni *Anders als die Andern* ya 1919, iliyoongozwa na Richard Oswald. Veidt anacheza mpiga fidla, Paul Körner, anayekamuliwa fedha na mtu anayetishia kumshtaki kwa kifungu cha 175 cha sheria ya jinai, kilichoharamisha uhusiano wa mwanamume kwa mwanamume. Daktari Magnus Hirschfeld, aliyekuwa akipigania kifungu hicho kifutwe, alishiriki kuiandika na anaonekana humo mwenyewe. Körner anaishia kujiua. Mwaka 1920 ukaguzi wa filamu uliporudishwa, picha ikazuiwa kwa umma, wakaruhusiwa kuiona madaktari na watafiti tu. Leo vimebaki vipande.

Kila msomaji ana msimamo wake katika mambo hayo. Mimi naangalia kazi. Mtu wa miaka 26, jina ndiyo kwanza linapanda, anapewa sehemu ambayo wengi wangeikwepa, na anaicheza bila kumkejeli mhusika wake hata kidogo.

"Wanangu wananiambia Joker wa Batman alitokana na huyu bwana. Ni porojo?" Mama wa watatu, Mombasa

Wanao wako sawa, dada, ingawa wenyewe waliomchora Joker waligombania hadithi hiyo maisha yao yote.

Katikati ya miaka ya 1920 John Barrymore, mwigizaji mkubwa wa Marekani, alimwita Veidt Hollywood aje acheze Mfalme Louis XI mbele yake katika *The Beloved Rogue* ya 1927. Studio ya Universal ikamwona. Mwaka 1928 wakatoa *The Man Who Laughs*, kutoka riwaya ya Victor Hugo, chini ya Paul Leni, Mjerumani mwenzake. Gwynplaine, akiwa mtoto, alipasuliwa mdomo kwa amri ya mfalme ili acheke milele, na sasa watu wanalipa kiingilio wakamtazame.

Fundi wa vipodozi, Jack Pierce, ndiye huyohuyo atakayekuja kumtengeneza jitu wa Frankenstein miaka mitatu baadaye. Kwa Veidt alitumia meno ya bandia yenye vikulabu vilivyozivuta pembe za mdomo na kuzishikilia huko. Akishayavaa, kuongea haiwezekani. Hebu fikiri mwigizaji amepokonywa sauti na teknolojia ya wakati wake, kisha amepokonywa mdomo na meno ya bandia. Kilichobaki ni macho na paji la uso. Anaziba nusu ya chini ya uso kwa kitambaa, kwa mkono, kwa kola ya koti, na kila akiiziba unaona mtu anayelia. Akiifunua, umati unaangua kicheko. Kwa maoni yangu hii ndiyo kazi yake bora kuliko zote, *Caligari* ikiwemo.

Joker alitokea mara ya kwanza 1940. Bob Kane, mmoja wa waliombuni, alisema mwenzake Bill Finger alimletea picha ya Veidt katika sura ya Gwynplaine. Mchoraji mwenzao Jerry Robinson akashikilia kwamba wazo lilianzia kwenye karata aliyoichora yeye. Ziweke picha mbili hizo sambamba mezani, waite watoto, uwaache waamue. Ila uwakumbushe jambo moja: Gwynplaine ni mtu mwema. Humo Veidt ndiye steringi.

"Na Jafari wa katuni ya Aladdin je?" Msomaji, Unguja

Huyo naye ametoka kwake. Angalia *The Thief of Bagdad* ya 1940: waziri Jaffar, mavazi meusi, kilemba, na macho yanayomlevya kila anayeyatazama. Picha ilianzwa Uingereza chini ya mtayarishaji Alexander Korda, vita ikaingia, ikamaliziwa California, na ikachukua Oscar 3. Jaafar wa historia, yule wa ukoo wa Barmaki, hakuwa mchawi hata chembe. Alikuwa waziri wa Harun al-Rashid, akauawa kwa amri ya bwana wake mwaka 803, na watu wa hadithi wamemsingizia tangu hapo.

"Nasikia sauti ilipoingia waigizaji wengi wa filamu bubu walipotea. Yeye aliponaje?" Msomaji, Bujumbura

Aliondoka kabla hajafukuzwa. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, Hollywood imeanza kuimba na kuongea, naye 1929 akarudi Berlin alikojua kila neno lina uzito gani. Sauti hakuwa na shida nayo. Mtu aliyelelewa kwenye jukwaa la Reinhardt anasikika mpaka kiti cha mwisho.

Kitu cha kuvutia zaidi ni jinsi biashara yenyewe ilivyokuwa ikifanyika. Kabla ya kuzoea kuingiza sauti za lugha nyingine juu ya picha, studio zilipiga filamu moja mara mbili au tatu: mapambo yaleyale, kamera zilezile, wanaobadilika ni waigizaji. *F.P.1*, kisa cha uwanja wa ndege unaoelea katikati ya bahari ya Atlantiki, ilipigwa kwa lugha tatu. Rubani wa Kijerumani ni Hans Albers, wa Kifaransa ni Charles Boyer, wa Kiingereza ni Veidt. Lishike jina la Albers, tutakutana nalo tena chini.

Katika toleo lake Veidt aliimba wimbo kuhusu mnara wa taa. Kuimba kwenyewe ni nusu kuongea. Wimbo ule ulisahaulika kabisa, mpaka mtangazaji Terry Wogan alipoupiga kwenye redio ya BBC karibu miaka 50 baadaye na Waingereza wakaanza kuuliza uko wapi uuzwe.

Kiingereza alikuja kukimudu vizuri, ila lafudhi haikumtoka, nayo ikamfunga. Mtu mwenye lafudhi ya Kijerumani katika Uingereza ya miaka ya 1930 alipewa kazi mbili: jasusi, au ofisa mwenye siri.

"Kwa nini aliikimbia Ujerumani? Alikuwa Myahudi?" Msomaji, Nairobi. (Swali hili limeulizwa pia Dodoma, Arusha na Muscat.)

Hakuwa Myahudi. Mke wake wa tatu, Lily Prager, ndiye aliyekuwa na asili ya Kiyahudi. Walioana 1933, miezi michache baada ya Hitler kushika madaraka. Wakati huo kila mtu wa filamu alitakiwa kujaza fomu ya kueleza asili yake. Veidt, aliyelelewa Kiprotestanti, aliandika *Jude*, yaani Myahudi. Kwa neno hilo moja alijifungia mlango wa kazi katika nchi aliyokuwa miongoni mwa nyota wake wakubwa. Wakahamia London.

Mwaka uliofuata alifanya mambo mawili ambayo hayakai pamoja vizuri kichwani. Alicheza mhusika mkuu katika *Jew Süss*, filamu ya Kiingereza iliyotoka riwaya ya Lion Feuchtwanger, inayoonyesha jinsi chuki dhidi ya Wayahudi inavyoua. Pia alirudi Ujerumani kucheza dhalimu Gessler katika *Wilhelm Tell*, kwa kuwa alikuwa na mkataba. Huko wakamzuia asitoke, wakidai anaumwa mno kusafiri. Studio ya London ikatuma daktari wake akampime, na mgonjwa akaonekana mzima. Hakurudi tena.

Hapa nataka turudi nyuma kidogo, maana kuna picha moja ambayo kila nikiiona naifikiria nchi nzima. *Das Wachsfigurenkabinett*, ya 1924, ni hadithi za sanamu za nta kwenye kibanda cha maonyesho. Emil Jannings ni Harun al-Rashid, mnene na mcheshi. Veidt ni mfalme Ivan wa Urusi, anayegeuzageuza chupa ya mchanga wa saa kwa hofu kwamba amelishwa sumu. Werner Krauss ni muuaji wa usiku. Mwandishi kijana anayezitunga hadithi hizo ni William Dieterle. Watu wanne, studio moja.

Dieterle alikwenda Marekani 1930 akawa mwongozaji wa kuheshimika. Veidt tumeshamweleza. Krauss alibaki, na 1940 alikubali kucheza wahusika kadhaa wa Kiyahudi katika *Jud Süß* ya Veit Harlan, filamu ya chuki iliyotengenezwa kwa usimamizi wa Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler. Kisa ni kilekile alichokicheza Veidt London miaka sita kabla, ila kimepinduliwa kichwa chini miguu juu ili kiwachochee watu. Kwa hiyo Caligari na Cesare, waliosimama bega kwa bega 1920, waliishia kila mmoja kwenye picha yake, na jina la picha ni moja. Krauss alikuwa fundi wa ajabu, tena pengine kumzidi Veidt. Hilo halinifanyi nimwonee huruma.

Veidt alipata uraia wa Uingereza 1939, akaikopesha serikali yake mpya akiba yake kwa ajili ya vita, kisha akavuka kwenda Hollywood. Kule walimpa sare za watu aliowakimbia. Katika *Casablanca* amezungukwa na wakimbizi wenzake, Peter Lorre, Paul Henreid, Marcel Dalio, Madeleine Lebeau, lakini yeye ndiye adui. Mwangalieni Strasser tena. Hafoki. Anaketi mezani kistaarabu, anaagiza, anatabasamu, na kitisho kiko kwenye adabu yenyewe. Anapoteza utulivu mara moja, pale wimbo wa maofisa wake unapomezwa na wimbo wa Wafaransa, na hata hapo hasira inaanzia shingoni kabla haijafika mdomoni. Alijua watu wa namna hiyo wanavyokaa, wanavyovua glovu, wanavyomwita mhudumu. Alikwisha kula nao.

Alifariki kwa moyo tarehe 3 Aprili 1943 akicheza gofu Los Angeles, akiwa na miaka 50.

"Alipata Oscar?" Msomaji, Kisumu

Hapana. Mwigizaji bora wa kwanza kabisa wa tuzo hizo, Mei 1929, ni Jannings, kwa *The Last Command* na *The Way of All Flesh*. Hakuhudhuria, alipewa sanamu mapema kwa kuwa alikuwa anarudi Ujerumani. Naye alibaki huko, akawa kipenzi cha Goebbels, na 1941 akacheza Paul Kruger wa Makaburu katika filamu ya kuwatukana Waingereza. Vita vilipoisha hakuigiza tena, akafariki Austria mwanzoni mwa 1950. Kwa wapenda umbea: Jannings alimwoa Gussy Holl, mwimbaji, ambaye kabla yake alikuwa mke wa kwanza wa Veidt.

"Babu yangu alisimulia kwamba kulikuwa na Mswahili mwenzetu aliyeigiza filamu Ujerumani zamani. Kuna ukweli?" Msomaji, Tanga

Upo. Bila shaka babu alimsikia Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam 1904, jina lake la kwanza Mahjub bin Adam Mohamed, baba yake askari wa jeshi la Wajerumani. Vita ya kwanza ilipofika alikuwa mtoto wa miaka kumi, akaingizwa jeshini pamoja na baba.

Mwaka 1929, huohuo ambao Veidt alirudi kutoka Hollywood, Husen alifika Berlin baada ya kufanya kazi melini. Alikwenda kudai mishahara ya vita ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Hakupewa. Akawa mhudumu katika Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe, na akafundisha Kiswahili chuo kikuu cha Berlin. Aliomba nishani ya waliopigana vita, wakamkatalia, akatafuta ya kununua akaivaa hivyohivyo kwenye mikutano ya wale waliokuwa bado wanaota makoloni.

Na aliigiza. Yumo katika *Die Reiter von Deutsch-Ostafrika* ya 1934, yumo katika *Zu neuen Ufern* ya 1937 pamoja na Zarah Leander. Sehemu yake kubwa ni ya mwisho: *Carl Peters*, 1941. Peters ni Hans Albers, yule rubani wa *F.P.1*, na Husen ni Ramasan, mkalimani na mtumishi wake mwaminifu. Huyo Peters ni yuleyule mkoloni wa Kijerumani ambaye huku kwetu wazee walimwita Mkono wa Damu. Filamu inamfanya shujaa. Hayo ndiyo waliyokuwa wakipewa Waafrika katika studio zile: kubeba, kutafsiri, kushangaa. Veidt angeweza kuchagua aondoke na kazi ikamsubiri London. Husen alikuwa na nini cha kuchagua?

Mwaka huohuo wa 1941 alikamatwa kwa kosa la uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, wenyewe wakiliita kuchafua damu. Bila hukumu ya mahakama akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, akafia huko tarehe 24 Novemba 1944. Tangu 2007 kuna bamba dogo la shaba lenye jina lake kwenye njia ya miguu, mtaa wa Brunnenstraße, Berlin. Msomaji wetu wa Berlin anaweza kupita akaliona.

"Nianzie wapi kumtazama? Sina muda wa filamu 100." Msomaji, Dar es Salaam

Anza na *Casablanca*, hata kama umeshaiona, ukimfuata Strasser peke yake. Kisha *The Man Who Laughs*. Haki zake Marekani zilikwisha 2024, kwa hiyo inapatikana bure na kihalali. *Caligari* iwe ya tatu, usiku, kwa nakala iliyokarabatiwa. Ukipata hamu zaidi tafuta *Orlacs Hände* ya 1924, ambapo mpiga piano aliyekatika mikono kwenye ajali ya treni anashonewa mikono ya muuaji aliyeuawa kwa hukumu ya kifo. Ni ndefu na katikati inachosha, lakini tazama anavyoiweka mbali na mwili ile mikono, kana kwamba ameazimwa na mtu asiyemwamini.

*The Spy in Black* ya 1939 ni kwa siku unayotaka kisa cha kijasusi kinachokwenda mbio. Ile ya mwisho, *Above Suspicion*, iliyotoka akiwa ameshafariki, iache mpaka uishiwe kabisa.